Ekzosi Iliyoitikiwa

Kiminini,
12 Oktoba 2009

Mzee Walubengo,

Salamu nyingi. Hunijui. Mimi ni Ndirangu, mpwa wa Wamboi anayeuza mitumba hapo Kanduyi. Shangazi ndiye amenielekeza kwako. Amesema nisisumbuke kutafuta namba yako ya simu, kwa sababu masikio yako yalikwisha zamani kwa kugonga vyuma, lakini ukiandikiwa unajibu. Basi nakuandikia.

Nina pikipiki ya Kichina, mwaka wa kwanza tu, na ekzosi yake, lile bomba la moshi, imeoza chini mpaka inapitisha vidole. Mpya siwezi kwa sasa. Kazi yangu ni kubeba mikate kutoka Kitale mpaka maduka ya Ndalu, kila siku kasoro Jumapili. Ndalu nafika kama saa kumi na moja jioni. Wenzangu hapa stejini wameibandika pikipiki yangu jina Mbuzi, kwa vile inavyolia, na kusema kweli hawajaikosea.

Naomba unishonee hii ya zamani kwa vyuma vyovyote ulivyo navyo, lakini iwe na sauti nzito. Nataka wenye maduka wanisikie kabla sijafika, watoe kreti tupu nje. Nimeifunga kwenye gunia na kuipa gari la Bungoma. Nitaazima ya rafiki yangu mpaka hiyo irudi.

Wako,
Ndirangu


Bungoma,
19 Oktoba 2009

Kijana Ndirangu,

Nimepata gunia lako. Ekzosi yako haikuwa ya kuziba. Ilikuwa ya kuzika. Nimeacha shingo peke yake, ile inayofungwa kwenye injini, na kilichobaki nimekiunda upya.

Ndani nimeweka chekeche la mashine ya kusagia mahindi, nikalikunja likawa bomba. Lile lina matundu madogo yaliyopangana vizuri na halichoki kwa joto. Nje yake nimeshindilia manyoya ya chuma ya kusugulia sufuria, nikafunika kwa bati la ekzosi ya gari iliyokufa. Hakuna kitu hapo cha dukani isipokuwa manyoya, na hayo utanilipa ukipata.

Shangazi yako amekuambia kweli, sisikii. Nikimaliza ekzosi naifunga kwenye injini ya majaribio, nawasha, naweka kiganja kimoja juu ya bati na kingine kifuani. Kifua kikitetemeka kama ninavyotaka, nazima. Yako nimeikata kwa kipimo ninachokijua vizuri. Kuhusu simu, hata nikiwa nayo nitajuaje kwamba imeita? Na kuandikia mle ndani, vitufe ni vidogo kwa vidole vyangu.

Nataka unijibu mambo mawili. Kwanza, ukienda Ndalu unapita njia ya juu au ile ya chini yenye kona ya moramu? Pili, niandikie inalia vipi. Usiniandikie kwamba ni nzuri. Niandikie inavyolia.

Na ufunge vioo viwili vya pembeni. Mwenye ekzosi nzito hasikii kilicho nyuma yake.

Walubengo, fundi


Kiminini,
2 Novemba 2009

Mzee wangu,

Umeniua bana. Ukiwasha, inaanza kwa kunguruma chini chini kama mtu anayesafisha koo kabla ya kuomba kanisani. Ukiivuta inapanda taratibu bila kupiga kelele. Ukiachia mafuta inashuka na kugonga mara tatu, du, du, du, ndipo inatulia. Stejini hakuna tena anayesema Mbuzi. Wawili wameniomba anwani yako.

Ndalu napita njia ya chini, ya kona ya moramu, kwa sababu ni fupi.

Sasa nikuambie jambo. Siku ya kwanza nilipopita nayo, kuna boma moja upande wa kulia ukishatoka kwenye ile kona, lenye lango la mabati. Nilipokaribia, lango lilifunguliwa. Akasimama mama mmoja wa makamo, amevaa vizuri, na mkoba begani, kama mtu anayesafiri. Alinitazama usoni. Kisha akarudi ndani na kufunga.

Nikadhani ananifananisha na mtu. Kesho yake ikawa vilevile, na kesho kutwa pia. Siku ya nne nilisimama nikamsalimia. Akaniambia chai ipo, niingie ninywe kabla haijapoa. Mezani kulikuwa na kikombe kimoja kimefunikwa kwa kisosi, na chai yake ilikuwa moto. Nikamuuliza alijuaje kwamba leo nitasimama. Akasema chai hiyo huwa anaipika kila siku saa hiyo.

Mzee, ile chai niliimaliza kwa adabu tu.

Wako,
Ndirangu


Bungoma,
9 Novemba 2009

Ndirangu,

Asante kwa kuniandikia zile ngurumo. Hapo pa kugonga mara tatu nimepasoma hadi karatasi imelegea.

Huyo mama, mkoba wake ni wa rangi gani? Bado anatembea sawasawa, au goti la kushoto linamsumbua? Usimwambie kwamba nimeuliza. Mimi naulizia tu, watu wa Ndalu wengi nawafahamu.

Akikupa chai, kunywa. Usimwachie kikombe kikiwa nusu.

Walubengo


Kiminini,
7 Desemba 2009

Mzee Walubengo,

Mkoba ni wa kahawia, na goti linamsumbua. Sikutaka kukujibu haraka kwa sababu nimekasirika, na hasira nayo imechanganyika na hofu mpaka sijui nianze na ipi.

Nianze na hofu. Kwenye ile kona kuna shimo kubwa ambamo watu wa barabara zamani walichimba moramu, udongo wa kumwaga barabarani, wakaliacha likajaa maji na matete. Mwaka huu ukame umeyanywa maji hayo kuliko watu wa hapa walivyowahi kuona. Tangu wiki ya mwisho ya Novemba, kila nikipita hapo nasikia pikipiki nyingine. Nikatazama vioo vyangu viwili, nyuma hakuna mtu. Nikasema ni mwangwi. Nikazoea.

Alhamisi mafuta yaliniishia pale pale kwenye kona. Injini ikafa. Mzee, yangu ilikufa na ile nyingine ikaendelea. Haikuendelea sana, labda kwa muda wa mtu kuvuta pumzi mbili. Ilinguruma chini chini, ikashuka, ikagonga mara tatu. Du, du, du. Kisha kimya, hata ndege hawakulia. Mwangwi gani unaomsubiri mwenyewe anyamaze? Niliisukuma pikipiki na mikate yote mpaka kwa yule mama bila kuangalia nyuma.

Sasa hasira. Nilipofika akaniketisha, na kwa mara ya kwanza tukazungumza kwa kirefu. Anaitwa Lenah, na hapo ni kwa kaka yake. Kwake ni Bungoma. Julai 2007 alikuja kumwuguza mama yake, na mwanawe Masibo akamtumia habari kwamba Jumamosi saa kumi na moja jioni atamfuata kwa pikipiki, amwekee chai. Masibo alitoka Bungoma. Hakufika. Pikipiki haikuonekana, mtu hakuonekana. Mama huyu hajarudi kwake tangu siku hiyo. Akaniambia hivi, na sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa: "Niliambiwa nitafuatwa. Nikiondoka, atamkuta nani?"

Nikamuuliza kwa nini ananifungulia mimi. Akasema sauti ya pikipiki yangu ni ya Masibo, si kufanana, ni yenyewe. Akasema ile ekzosi aliitengeneza baba yake Masibo, fundi asiyesikia.

Uliniuliza napita njia gani, Mzee. Uliniuliza kabla hujaniambia lolote. Umenifungia maiti kwenye pikipiki ukanituma kwa mke wako, na mimi nikakushukuru. Kama lile bomba ni la marehemu niambie, nilitoe leo nikurudishie.

Ndirangu


Bungoma,
14 Desemba 2009

Ndirangu, kijana wangu,

Hasira yako ni halali. Nitakuambia yote.

Bomba lako si la Masibo. La Masibo aliondoka nalo. Lako nimelikata kwa kipimo chake, nikahesabu matundu yaleyale. Tangu masikio yalipokwisha, sauti zote za dunia zimenitoka isipokuwa hiyo, na hiyo niliijua kwa kifua. Ulipoandika kwamba unafika Ndalu saa kumi na moja jioni, nilikaa na barua yako siku nzima bila kushika nyundo. Nilitaka mtu mwenye masikio aniambie inavyolia. Na nilitaka Mama Masibo aisikie. Sikuwaza itamfanya nini. Niliwaza kwamba atajua nimemkumbuka. Huo ni ujinga wa mzee na nakuomba msamaha.

Yeye na mimi hatujaandikiana tangu Novemba 2007. Wazee wa ukoo walisema mtu aliyepotea azikiwe mgomba mahali pake, ili nyumba ipumzike. Lenah alikataa. Mimi nilikubali, nikazika bila yeye. Tena nilizika vibaya. Walisema nikate shina tupu. Nilikuwa na haraka na aibu, nikang'oa mgomba mzima na mzizi wake nikaufukia. Sasa umechipuka juu ya kaburi. Nimeukata mara tatu, na kila mara unarudi mnene zaidi. Majirani wanapita upande mwingine wa njia.

Kuna jambo ambalo hata yeye halijui. Wiki ile Masibo aliniletea pikipiki akaniandikia kwa chaki sakafuni: Baba, ipunguze sauti, sisikii honi za malori. Niliwasha nikaweka kiganja. Kifua kilitetemeka vizuri. Nikafuta ile chaki kwa kiatu nikamwonyesha kwa mkono kwamba iko sawa, aende.

Sasa nisikilize kama fundi. Hapa kibandani natundika ekzosi zilizokwisha kwenye waya. Nikiwasha moja, zingine zinakaa kimya. Lakini zikiwepo mbili za kipimo kimoja, ile iliyotundikwa inaanza kutetemeka peke yake, na ukizima ya kwanza, ya pili inachelewa kidogo kunyamaza. Sisi tunasema imeitika. Nimegusa jambo hilo kwa kiganja changu mara nyingi. Bomba haliitikii jingine lolote ila pacha wake. Na likiwa limejaa maji haliitiki kabisa.

Maji yamepungua, umesema.

Usilitoe bado hilo bomba. Tafadhali. Mpe Mama Masibo barua hii asome yote, hata pale pa chaki.

Walubengo


Ndalu,
17 Januari 2010

Baba Masibo,

Nimesoma barua yako kwa Ndirangu. Nimeisoma pale pa chaki mara nyingi, kisha nikaikunja nikaiweka kwenye mkoba. Nilikaa mwezi mzima bila kujua nikuandikie nini. Bado sijui kama nimekusamehe. Nimekuandikia kwa sababu ni haki yako kujua.

Jana nilimwomba kijana anipeleke kwenye kona. Aliogopa, lakini alinipeleka. Kaka yangu alikuja kwa miguu. Kijana alipita taratibu, akageuza, akarudi, akazima pale ukingoni. Jua lilikuwa bado kali. Ng'ombe walikuwa wakila mabua upande wa pili.

Iliitika. Kaka yangu alishika mkono wangu mpaka ukauma, naye ni mtu asiyeamini lolote. Iligonga mara tatu kama Masibo alivyokuwa akizima langoni kwetu. Mimi sikuogopa. Nilikasirika. Nilimwita kwa jina lake lote, nikamwambia chai imepoa mara mia tisa.

Miaka miwili na nusu nimesikia sauti hiyo jioni, tangu kabla ya huyu kijana kununua pikipiki. Ilikuwa hafifu kama iliyofungiwa ndani ya mtungi. Kila mtu alisema ni mawazo, na wewe ukaniletea habari za mgomba. Ilikuwa inaishia kwenye kona, haiji mbele. Nilidhani anageuza kwa sababu hanioni langoni. Ndiyo maana nilikuwa nafungua.

Kesho tunamwita chifu na vijana wenye majembe.

Lenah


Kiminini,
25 Januari 2010

Mzee wangu,

Nimeandika barua hii mara nne nikazichana. Sasa naandika tu.

Tumempata. Alikuwa chini ya matete upande ambao maji yalikuwa ya mwisho kukauka, yeye na pikipiki pamoja. Polisi walikuja wakaandika, na namba ya pikipiki ni yake. Wanasema inaonekana aligongwa na kitu kikubwa kutoka nyuma, labda lori, akatoka barabarani. Mama Masibo aliitambua sweta. Aliifuma mwenyewe, alisema, na mkono mmoja ulikuwa mrefu kidogo kuliko mwingine. Ulikuwa mrefu kweli.

Ekzosi ilikuwa imezama kwenye tope, imebakiza mdomo tu nje, umeelekea barabarani. Kijana mmoja wa kuchimba aliichungulia akasema kuna chekeche la unga ndani. Pikipiki yangu ilikuwa imezimwa mbali kule juu. Hata hivyo, walipoing'oa ile ekzosi, wote tuliona tope lililokuwa juu yake linacheza.

Sina la kukutuliza. Mimi mwenyewe nimeacha kupeleka mikate siku tatu. Najua nilikutukana. Nisamehe.

Mazishi mpange ninyi. Lakini Mama Masibo ana neno moja na halibadilishi. Jeneza lije kwa pikapu, yeye hapandi pikapu. Aliahidiwa kufuatwa kwa pikipiki na atarudi nyumbani kwa pikipiki. Ameniomba mimi. Nimekubali, na nitamwendesha polepole kwa ajili ya lile goti.

Wako,
Ndirangu


Bungoma,
16 Februari 2010

Ndirangu, mwanangu,

Hii hapa ekzosi yako. Asante kwa kuniachia siku ya mazishi ukaondoka na ile ya kuazima. Nimeifungua, nimeongeza manyoya ya chuma mara mbili na nimebadilisha kipimo. Itakuwa na sauti ya kawaida. Wakikuita tena Mbuzi, vumilia. Utasikia honi zote zilizo nyuma yako. Bomba hili nimemwita mwenye masikio alithibitishe, sikutumia kiganja. Lipo, lisikilize mwenyewe, na usinilipe chochote.

Ule mgomba niliutoa kabla hatujamlaza Masibo. Nilichimba peke yangu. Mzizi ulikuwa mkubwa kuliko nilivyoufukia. Nimeupanda nyuma ya jiko, na Mama Masibo anaumwagia maji ya vyombo. Hatuzungumzi sana. Ananiandikia kwa chaki sakafuni anapotaka kitu. Jana aliandika: chumvi. Nilisimama pale nikalia, akanitazama, kisha akaifuta mwenyewe kwa mkono akaenda kuinunua.

Nina swali, na sina mwingine wa kumuuliza.

Siku ile pikapu ilifika mapema, jeneza likashushwa, watu wakakaa kuwasubiri ninyi wawili. Mimi nilikwenda langoni. Nguzo ya lango letu ni ya chuma, niliisimamisha mwenyewe, na imeingia ardhini futi nne. Niliweka kiganja juu yake na kingine kifuani, kama ninavyofanya kazini, nijue mtafika lini. Nilikuhisi ukiwa mbali, kule darajani. Nikakuhisi unapanda kilima. Na jinsi ulivyokaribia, nikahisi pikipiki mbili, za kipimo kimoja. Moja ilikuwa mbele kidogo.

Ukafika. Ukazima. Mama Masibo akashuka na mkoba wake, akaniona, akasimama. Kiganja changu kilikuwa bado kwenye nguzo. Yako ilikuwa imekufa na ile nyingine haikufa. Ilipita langoni katikati yangu na yeye, polepole, ikaingia uani mpaka pale shimo lilipokuwa wazi. Pale ikagonga mara tatu. Kisha chuma kikatulia, na mpaka leo kimetulia, naenda kukigusa kila jioni.

Mama Masibo hakugeuza kichwa kuitazama. Alisogea hatua moja pembeni, kama mtu anayempisha mwingine njiani.

Wewe una masikio. Niandikie uliisikia au hukuisikia. Lolote utakalosema nitaliamini.

Walubengo, baba yake Masibo